Jirani Aliyefunga Breki Kinyume

Simu ya mke wangu ndiyo iliyoanza kulia, ikafuata yangu, kisha ya jirani ng'ambo ya ukuta. Hapa mtaani kwetu Elerai simu zikifuatana namna hiyo asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vya kanisani, ujue si heri. Kweli haikuwa heri. Mzee wa pikapu ya bluu, mstaafu wa ukarani wa bohari, jirani yetu wa nyumba ya kona, alikuwa amefariki alfajiri hospitalini. Presha ilipanda ikakataa kushuka. Ninyi wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba nikifiwa na mtu huwa naandika kwa huzuni, na wengine mmewahi kunilaumu kwamba nawapamba marehemu kupita kiasi. Leo tulieni, sina pambo. Nilipousoma ule ujumbe, kilichotangulia hakikuwa huzuni. Ilikuja aibu, na mpaka ninapoandika haya bado ipo.

Niseme mapema kwamba hakuwa rafiki yangu. Alikuwa mtu wa kujuana naye tu, mtu wa shikamoo getini, mabishano ya siasa dukani, na mara mojamoja lifti ya kwenda mjini. Tena alikuwa mbishi, mbishi wa kukera. Aliamini kwamba kitu chochote kilichofungwa na binadamu kinaweza kufunguliwa na binadamu mwingine, na kwamba kumpelekea fundi kazi ambayo mikono yako inaiweza ni uvivu uliovaa tai. Pasi, redio, pampu ya maji, vyote alivifungua mwenyewe. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa breki. Pikapu yake ilipita sana njia za Kisongo, alikokuwa na shamba la maharage, na vumbi la kule mnalijua: likiingia kwenye breki, mvua ikalipiga, linageuka saruji. Ile pistoni inayosukuma pedi ziibane diski ya gurudumu inagandia ndani ya nyumba yake, ambayo mafundi huiita kalipa, na gari linaanza kuvuta upande mmoja kama mbuzi anayepelekwa asikotaka.

Hapo sasa ndipo jirani yangu alipojisikia mtu. Alitandika magazeti barazani, na kila nilipopita nilikuta safu yangu imelala chini ya pistoni, imelowa chapachapa. "Mwandishi, leo umenisaidia sana," alikuwa akiniambia bila hata kuinua kichwa. Aliifungua kalipa, akaing'arisha kwa msasa laini, akaiosha kwa mafuta ya breki yenyewe, maana petroli, alisema, huvimbisha mipira. Akavisha mipira mipya kwa vidole, taratibu, kama anayemvisha mtoto soksi. Kisha ikaja zamu ya mke wake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye usukani na kutii. Kutoa upepo kwenye breki kunataka watu wawili. Mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga kijiparafujo kidogo kwenye kalipa ili upepo ulionaswa humo utoke. Mtaa mzima tulikuwa tumezoea kusikia: "Kanyaga. Shikilia. Shikilia, mwalimu. Haya, achia." Na yule mama akimjibu kutoka ndani ya gari, "Nimeshikilia tangu nilipoolewa, wewe fungua tu." Tulicheka, na tulimpenda mzee kwa ule ubishi wake, au angalau tuliipenda pikapu yake, kwa sababu ndiyo iliyobeba wagonjwa wetu, magunia yetu, na viti vya kila sherehe ya mtaa.

Yaliyotokea yalianza msimu wa harusi. Binti wa jirani mmoja alikuwa anaolewa, na kamati ikampa mzee kazi ya kwenda Ngaramtoni siku ya mnada kuleta viazi na ndizi. Mimi nikapangwa kwenda naye kwa sababu, walisema, waandishi hawana kazi. Siku moja kabla, breki zikaanza kuvuta. Kwa kawaida alifungua upande mmoja, akaurudisha, ndipo akagusa wa pili. Safari hii alikuwa na haraka. Akafungua kalipa zote mbili za mbele kwa mkupuo, akaziosha pamoja, akazilaza kwenye gazeti moja. Jioni, wakati wa kutoa upepo, mke wake akamwambia pedeli ni laini, inazama kama mguu kwenye matope. Wakatoa upepo upya, wakarudia, bado. Ukikanyaga inazama, ukikanyaga tena ndipo inashika. "Itajikaza barabarani," mzee akasema. Mama akamuuliza kwa nini asimwite fundi wa gereji aje aangalie kidogo. Kwa mtu mwingine lingekuwa swali la kawaida. Kwake yeye lilikuwa tusi, na mjadala ukaishia hapo.

Kwenda tulikwenda salama, gari likiwa tupu na barabara ikipanda. Wakati wa kurudi tulikuwa na magunia mpaka juu, na ule mteremko wa kutoka Ngaramtoni unasukuma hata gari lisilo na mzigo. Mimi nilikuwa nimegeuka nyuma kuangalia kama turubai halijafunguka. Nikasikia mguu wake ukigonga sakafu, ukagonga tena, halafu kishindo. Nilipogeuka, ng'ombe dume alikuwa chini, mguu umevunjika, na mbele yetu amesimama mzee mmoja wa Kiarusha, shuka jekundu begani, fimbo yake bado iko juu. Watu wakajaa mara moja. Hakuna aliyeuliza kilichotokea, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua tayari. "Hawa wafugaji wanadhani lami ni malisho." "Mtu mzima hata kuchunga hajui?" Askari aliyekuwa karibu akamkaripia yule mfugaji mbele ya umati kwamba anahatarisha maisha ya watu. Ng'ombe akachinjwa palepale pembeni ya barabara kabla hajafa kibudu. Na yule mfugaji, nawaambieni niliona kwa macho yangu, akaja mpaka dirishani kwa jirani yangu akanyoosha mkono.

"Pole, mzee mwenzangu. Umepata mshtuko. Nisamehe."

Jirani yangu akaupokea ule mkono. "Haya, hamna neno," akasema. Tukarudi mjini kwa gia ndogo, polepole.

Kesho yake akanipigia simu. Nikamkuta ameketi juu ya tairi, gurudumu la mbele limetolewa. "Njoo uangalie," akasema. Niangalie nini? Mimi breki nazijua kwa mguu tu. Akanivuta mkono, akanionyesha kile kijiparafujo cha kutolea upepo. Kilikuwa kinatazama chini. "Upepo hukaa juu," akasema, "kama kwenye chupa ya soda. Hiki lazima kiwe juu ndiyo utoke. Nimefunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Ningetoa upepo mpaka Pasaka, usingetoka." Akaanza kufuta mikono ambayo ilikuwa safi tayari. "Yule mzee alikuwa ameinua fimbo, mwandishi. Nilimwona toka mbali. Magari ya upande wa pili yalisimama yote. Alichunga vizuri kabisa. Halafu akaja kuniomba msamaha, na mimi nikampa." Nikamwambia maneno ambayo sote huwa tunasema, kwamba ajali haina kinga, na kwamba ashukuru hakuumia mtu. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

Jirani yangu alikuwa Mchaga, na kwa Wachaga lipo jani la isale, lile mnaloliona limepandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba yao ya nyumbani. Ukimkosea mtu ukamwendea na isale mkononi, hana ujanja, lazima asamehe. Mzee akakata isale uani kwake, akaniomba nimsindikize, nasi tukaulizia mpaka tukalifikia boma la yule mfugaji nje ya Kisongo. Alitupokea vizuri, chai ya maziwa ikaletwa. Jirani yangu akasimama, akalitoa lile jani kwa mikono miwili, akaeleza yote, pistoni, upepo, kushoto na kulia, na mwisho akasema anataka kumpa mtamba wake badala ya yule ng'ombe. Mwenyeji wetu alisikiliza bila kumkatiza. Akaligeuzageuza lile jani.

"Kwenu hili linasema nini?"

"Linasema nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ileile. Mtamba baki naye, ng'ombe ninao." Akaliweka jani juu ya kigoda. "Lakini hili umelileta hapa nyumbani kwangu, na hapa hakuna mtu amenisema vibaya. Walionisema wako mnadani. Watu wa huku walikuwa wananipa ng'ombe zao niwapeleke sokoni, kwa sababu mikononi mwangu hakuna aliyepotea, hakuna aliyegongwa. Sasa hawanipi. Wanasema macho yangu yamezeeka. Kama unataka kuniomba msamaha, kaniombee kule."

Mnaelewa alichokuwa anatakiwa kukitoa? Jina la mfugaji lilikuwa limeanguka mbele ya watu, na lisingeinuka mpaka jina la fundi wa barazani lilale chini mahali palepale. Mtu huyu hakuwa na mali ya kutamba nayo. Hakuwa na cheo. Alichokuwa nacho ni mikono yake, na sifa ya mikono hiyo, ambayo aliitunza kwa miaka yote kwa kutokubali kamwe kwamba imeshindwa. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Afadhali angechukua mtamba." Nami nikamshauri aache. Nilisema ameshaomba msamaha, ameshasamehewa, kinachobaki ni mambo ya wafugaji.

Siku ya mnada akavaa koti lake la kanisani. Nilikwenda naye kwa sababu alinipitia, na sikupata uongo wa kumwambia. Akamwomba dalali kipaza sauti, akasimama kando ya zizi, vumbi limejaa, ng'ombe wanalia, yule mfugaji amesimama pembeni yake. "Jamani," akasema, "mimi ndiye niliyemgonga ng'ombe wa mzee huyu pale mteremkoni. Mlisema yeye ndiye mwenye makosa. Hakukosea. Breki nilizitengeneza mwenyewe nyumbani, nikazifunga kinyume, nikajua hazijakaa sawa, nikaendesha hivyohivyo kwa kiburi. Yeye alisimama vizuri na fimbo yake. Nimekuja kusema hivyo tu." Vicheko vikapasuka. Vijana wakawa wameshatoa simu. "Mzee, hiyo gari inasimama kwa maombi?" mmoja akapaza sauti, na watu wakazidi kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na hata si mimi niliyekuwa nimeshika kipaza sauti. Yeye akasubiri wamalize, akamrudishia dalali chombo chake, akashukuru. Kitu kimoja zaidi nilikiona. Wazee wa rika la yule mfugaji hawakucheka. Mmoja wao akamsogelea, wakasemezana kwa Kimaasai, lugha yao, na kabla hatujaondoka mfugaji alikuwa amekabidhiwa ng'ombe wawili wa kurudi nao Kisongo.

Video ilifika Elerai kabla yetu. Kwenye kundi la mtaa ilipokelewa na vikatuni vya kucheka mpaka machozi, na mzee akapewa jina jipya, Fundi Kinyume. Alizifungua tena breki zake, upande mmoja kwanza, wa pili baadaye, kalipa ya kushoto akaipaka rangi nyekundu isichanganyike tena maisha yake yote, na halafu, jambo ambalo sikudhani nitaliona, akalipeleka gari kwa fundi wa gereji likaguliwe. Likakutwa halina shida. Nadhani siku hizo halikuwepo gari lenye breki za kuaminika kuliko lile katika mtaa wetu. Lakini kila alipotaka kutupa lifti, eti tulikuwa tumepata usafiri tayari. Akisimama kituoni, tulikuwa tunamsubiri mtu. Akipunguza mwendo getini, tulikuwa tunanyoosha miguu kidogo, daktari kashauri. Viti vya sherehe vikakodiwa gari. Mgonjwa akizidiwa, tukaita bajaji. Hakuna aliyemwambia neno baya. Sisi ni watu wa heshima, tulimwamkia shikamoo kwa adabu zote, tukikwepa kushika kitasa cha mlango wake. Naye hakuuliza. Mtu aliyebishana na kila mtu juu ya kila kitu, hilo hakulibishia.

Jumatano tulikusanyika nyumbani kwake kumuaga, kabla ya safari ya kwenda kumzika kwao Kilimanjaro. Turubai, viti vya plastiki, kwaya, kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwenyekiti wa mtaa akatoa salamu za majirani. Akasema tumempoteza mtu aliyekuwa mhimili wa mtaa, mtu ambaye gari lake lilikuwa gari la wote. Tukaitikia kwa vichwa. Ndipo nikamwona yule mfugaji kwenye safu ya nyuma, shuka lilelile, anaomba nafasi. Mshereheshaji akaangalia saa, akasema ratiba imebana. Mjane akanyoosha mkono. "Mpe nafasi," akasema, kwa ile sauti ya darasani, na ratiba ikapatikana.

Sisi majirani tukakaza mioyo. Tulidhani atatueleza habari za ng'ombe wake mbele ya jeneza, na tuliona aibu kwa niaba ya marehemu. Hakuzungumzia ng'ombe.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Huyu mzee alikuwa ananipitia kila siku ya mnada, tunaenda Ngaramtoni pamoja. Watu walinishangaa, wakaniuliza, unapandaje gari la huyu? Nikawaambia, mimi nimesikia kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe. La dereva mwingine sijalisikia, silijui liko wapi. Nilipanda naye mpaka alipougua. Ila kitu kimoja nilikuwa namuuliza. Nyumba ni nyingi huku kwenu, na watu wengi naona wanatembea kwa miguu. Mbona kila siku unafika kwangu peke yako? Yeye alikuwa ananijibu kwamba majirani zake wanaamka mapema sana, anakuta wameshaondoka." Akatutazama, wala hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa anatuuliza kweli. "Basi nawapeni pole, watu wa kuamka mapema."

Sijui wenzangu waliangalia wapi. Mimi niliangalia viatu vyangu. Marehemu alikuwa ametufichia aibu yetu kwa uongo mmoja mdogo, yeye ambaye ya kwake aliisema kwenye kipaza sauti. Kwaya ilipoanza kuimba, nilishukuru kwa sababu kulikuwa na kelele.

Msafara ukapangwa. Jeneza likatangulia. Mjane akaingia kwenye pikapu ya bluu, akakaa kwenye usukani yeye mwenyewe, na mfugaji akapanda kando yake. Nyuma ya viti vyao palikuwa na nafasi ya watu wengine, tena nafasi nzuri. Mama akashusha kioo, akatutazama, akawasha gari. Sisi majirani tulikuwa tumeshachanga na kukodi basi dogo, na tukajipanga mlangoni, mmoja baada ya mwingine, nami nikiwemo, tukapanda. Lilikuwa basi la mtu tusiyemfahamu, na dereva ambaye wengi wetu tulikuwa tunamwona kwa mara ya kwanza. Tulikwenda naye mpaka Kilimanjaro na kurudi, tukilala na kukoroma, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza breki zake zilitengenezwa na nani.

Kila wiki hapa ukurasani nalalamika kwamba nchi hii watu hawakiri makosa. Akiharibu mtu, atasema ni barabara, ni mvua, ni ng'ombe, ni shetani. Mkubwa hakiri, mdogo hakiri, fundi hakiri, daktari hakiri. Nimeyaandika hayo mara nyingi, na ninyi mmenipongeza. Leo nasema tofauti. Mmoja alikiri, mchana kweupe, mbele ya mnada mzima, bila kushurutishwa na mtu. Na sisi majirani zake, kwa adabu zetu zote na shikamoo zetu, tukawaonyesha wengine wote wenye makosa kwamba wanafanya vizuri kunyamaza.